Elf Aliyelipa Mara Mbili: Kisa cha Natural Order Mbele ya Thalia

Ugomvi ulikuwa wa kadi nne na haukufika dakika kumi. Mimi wa Tanga, mwenzangu wa Mombasa, mwamuzi Mwingereza, na meza yenyewe iko ghorofani juu ya duka dogo la michezo katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, mvua ikipiga dirisha. Tulikuwa tunacheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi za kukusanya aliobuni Richard Garfield na uliotoka mwaka 1993. Mfumo ulikuwa Legacy, unaoruhusu kadi za miaka yote isipokuwa zilizopigwa marufuku. Katika zamu moja tu tulikosea mara tatu, yeye mbili na mimi moja. Makosa yote matatu yalikuwa ndugu wa baba mmoja: hatukujua gharama ya kadi inahesabiwa lini na inalipwa lini.

Maneno kwanza, tusije tukapotezana. Kila kadi inayochezwa, isipokuwa ardhi, yaani kadi zinazotoa mana ya kulipia nyingine, nitaiita uchawi. Kulaza kadi ni kuigeuza ubavu kuonyesha kwamba imeshatumika zamu hii. Kuzima uchawi ni kuuzuia usifanye kazi. Rundo ni pale uchawi unaposubiri kabla haujafanya kazi, na linakwenda kama sahani za jikoni: iliyowekwa mwisho ndiyo inayotolewa kwanza. Bei ya kona ni alama za mana zilizochapwa juu kulia kwenye kadi. Majina ya kadi nayaacha yalivyo. Nilijaribu siku moja kumwita Llanowar Elves "Elfu" na mtu akaniuliza elfu ngapi.

Meza ilivyokuwa

Zamu yangu. Mbele yangu kulikuwa na Misitu minne, ardhi za mana ya kijani, iliyosimama, yaani bado haijatumika, na Llanowar Elves mmoja niliyemcheza zamu iliyopita. Huyu ni kiumbe wa kijani wa bei ya mana moja, nguvu 1 na ukakamavu 1, na kazi yake ni kulala ili akupe mana moja ya kijani. Mkononi nilikuwa na Natural Order.

Natural Order ni kadi ya mwaka 1997, kutoka toleo la Visions. Bei yake ya kona ni mana nne, mbili kati yake lazima ziwe za kijani. Maandishi yake yana sehemu mbili. Ya kwanza inasema kwamba, kama gharama ya ziada ya kuicheza, unatoa kafara kiumbe wa kijani. Ya pili inasema utafute kwenye fungu lako la kadi kiumbe wa kijani, umweke uwanjani, kisha uchanganye fungu. Ndani ya fungu langu alikuwa amelala Progenitus wa mwaka 2009, mwenye bei ya mana kumi, mbili kwa kila rangi kati ya rangi tano, nguvu 10, na kinga dhidi ya kila kitu. Kwa kuwa ana rangi zote, kijani nayo imo, ndiyo maana Natural Order inaweza kumleta. Hazuiwi na kiumbe yeyote, halengwi na upanga wala radi. Mwenzangu alikuwa na uhai 10. Piga hesabu mwenyewe.

Upande wake alikuwa amesimamisha Thalia, Guardian of Thraben, wa mwaka 2012. Thalia ni bibi mwenye nguvu 2 na upanga unaotangulia kupiga, lakini watu hawamwogopi kwa upanga. Wanamwogopa kwa mstari mmoja: uchawi wowote usio wa kiumbe unagharimu mana moja zaidi. Hasemi "wa adui". Anasema wowote, wa mwenye Thalia mwenyewe ukiwemo. Mwenzangu alikuwa na ardhi mbili zilizosimama, Tundra na Plains, na kadi tatu mkononi.

Nikalaza Misitu minne, nikamlaza Elf, nikasema: "Natural Order." Nikamchukua yule Elf, nikampeleka kaburini, yaani kwenye lundo la kadi zangu zilizokwisha kazi.

Kosa la kwanza: upanga uliochelewa

"Ngoja kwanza, kaka," akasema. Akalaza Tundra na Plains, akaweka mezani Swords to Plowshares, nitaiita upanga, kadi nyeupe ya bei ya mana moja inayompeleka kiumbe mmoja uhamishoni, yaani nje ya mchezo. Alilipa mbili kwa sababu ya Thalia wake, hapo alikumbuka. "Kabla hujamtoa kafara, namwondoa Elf. Sasa huna wa kumchinja, kadi yako imekufa."

Wazo hili linamjia kila mtu, na mimi nililiamini kwa miezi. Linatokana na mtindo wetu wa kusema mambo kwa hatua: natangaza, unasikia, unajibu, kisha nalipa. Masikioni inakuja hivyo. Kanuni zinakwenda vingine.

Kucheza uchawi kunasimamiwa na kanuni ya 601.2, na ni mlolongo mmoja usiokatika. Unaiweka kadi kwenye rundo. Unasema machaguo yako: kama kuna njia mbili za kuitumia, kama utalipa gharama za hiari, kama unatumia gharama mbadala, kama kuna X basi X ni ngapi. Unachagua walengwa kama wapo. Kisha jumla ya gharama inahesabiwa na kufungwa. Unapata nafasi ya kulaza vitu vyako ili kupata mana. Unalipa kila kitu. Hapo ndipo uchawi unahesabika kuwa umechezwa, na hapo ndipo adui anaruhusiwa kufungua mdomo. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho hakuna upenyo wa jibu hata mmoja. Kwake yeye, tangazo langu na kifo cha Elf ni kitu kimoja.

Mwamuzi alipofika hakuwa na maneno mengi. Elf hayupo uwanjani, upanga hauna wa kumlenga, kwa hiyo ulichezwa kinyume cha kanuni. Ukarudishwa mkononi, ardhi zake mbili zikasimama tena. Hasara pekee iliyobaki ni kwamba sasa nilijua ana Swords mkononi.

Yeye hakukubali kirahisi, na swali lake lilikuwa zuri. Aliuliza: mbona kuna kadi nyingine za kafara ambazo amewahi kuzijibu kwa kumuua kiumbe na akafaulu? Ni kweli, amewahi. Chukua Victimize ya mwaka 1998. Hiyo unachagua viumbe wawili walioko kaburini mwako, halafu kadi inasema: toa kafara kiumbe, na ukifanya hivyo, warudishe wale wawili. Kafara ya Victimize haiko kwenye gharama. Iko ndani ya kazi yenyewe ya kadi, inafanyika uchawi unapotoka kwenye rundo, baada ya kila mtu kupata nafasi ya kujibu. Ukimuua kiumbe wa pekee wa mwenye Victimize wakati kadi inasubiri, umeiua na Victimize. Iweke kando ya Diabolic Intent ya mwaka 2001, nayo nyeusi, nayo inataka kafara. Hii inasema "kama gharama ya ziada", na upanga wako haufiki.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama ana nafasi ya kujibu asiangalie neno kafara, aangalie maneno yaliyolitangulia. Kwa uwezo wa kadi iliyoko tayari uwanjani, alama ni nukta mbili: kilicho kushoto kwa nukta mbili ni malipo, kilicho kulia ni kazi. Huyo Elf mwenyewe ni hivyo, kulala kuko kushoto, mana iko kulia.

Elf analalaje na kuchinjwa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uzuri wa mchezo ulipo, na ndipo mtazamaji mmoja aliyekuwa nyuma yetu alipoguna.

Bei ya kona ya Natural Order ni nne. Thalia anaongeza moja, jumla tano, na kafara juu yake. Ardhi zangu zilikuwa nne. Mana ya tano ilitoka kwa Elf, na Elf huyohuyo akawa kafara. Je, si kulipa mara mbili kwa noti moja?

Hapana, kwa sababu ni vitu viwili tofauti alivyovitoa. Mpangilio wa 601.2 unaweka nafasi ya kukusanya mana kabla ya kulipa. Elf analala, mana yake inaelea mikononi mwangu kama maji kwenye kata. Kisha nalipa: mana tano hizi hapa, na kiumbe wa kijani huyu hapa. Kafara haitaki kiumbe awe amesimama, inataka tu awe wangu na awe wa kijani. Aliyelala anachinjika vilevile. Ukianza kinyume, ukamzika kwanza halafu ukatafuta mana, mana yake huipati tena. Lala kwanza, kafara baadaye.

Ukomo wake uko kwenye umri wa kiumbe uwanjani. Elf angekuwa amefika zamu hiyohiyo asingeweza kulala kutoa mana, maana kiumbe mgeni hatumii uwezo wake wenye alama ya kulala. Lakini kuchinjwa angechinjwa, kafara haina ugeni. Ningekuwa na kafara halali na mana nne tu mbele ya gharama ya tano, yaani Natural Order ingekaa mkononi. Bila Thalia, nne zingetosha. Hiyo mana moja ya Thalia, ambayo wengi wanaiona ndogo, ndiyo ingenilazimisha kusubiri zamu nzima.

Wachezaji wa Natural Order wanaijua ladha hii hata kwenye ardhi. Kuna kadi inaitwa Dryad Arbor, ya mwaka 2007, ambayo ni ardhi na papo hapo ni kiumbe wa kijani. Ikishakaa zamu moja inalala kutoa mana, kisha inakwenda kafara, na hukuipotezea hata mana moja kuiweka uwanjani, kwa sababu ardhi hailipiwi.

Kosa la pili: kadi ya bure isiyo ya bure

Upanga umerudi mkononi. Mwenzangu akapumua, akatoa kadi ya pili: Force of Will, ya mwaka 1996. Bei yake ya kona ni mana tano, mbili za buluu, lakini karibu hakuna anayeilipa hivyo. Maandishi yanakuruhusu, badala ya kulipa bei ya kona, ulipe uhai 1 na upeleke uhamishoni kadi nyingine ya buluu kutoka mkononi. Kazi yake ni kuzima uchawi. Akaandika uhai 9, akaonyesha kadi yake ya buluu, akaegemea kiti.

"Na moja ya Thalia, sheikh?"

"Thalia wa nini? Silipi mana hapa. Nimetumia njia mbadala."

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na linatokana na neno bure. Tumezoea kusema Force of Will ni ya bure. Kanuni ya 118, inayohusu gharama, inatenganisha vitu viwili tunavyovichanganya. Gharama mbadala inachukua nafasi ya bei ya kona peke yake. Gharama za ziada zinapandishwa juu ya ile uliyoichagua, iwe ya kona au mbadala. Mpangilio wa hesabu ni huu: anza na bei ya kona au mbadala, moja tu kati yao, huwezi kubeba mbadala mbili kwa uchawi mmoja. Ongeza vya ziada na nyongeza zote. Toa punguzo zote. Ndipo jumla inafungwa.

Kwa Force of Will ya mwenzangu: mbadala ni uhai 1 na kadi ya buluu, mana sifuri. Thalia anaongeza moja. Jumla: uhai 1, kadi ya buluu, mana 1 ya rangi yoyote. Angekuwa hana ardhi hata moja iliyosimama, asingeweza kuicheza kabisa. Alikuwa nazo mbili, shukrani kwa mwamuzi aliyemrudishia. Fikiria kama upanga ungehesabiwa kuwa umechezwa na kupotea bure: ardhi zote mbili zingekuwa zimelala, Force of Will ingebaki pambo, na Progenitus angekuwa mezani. Kosa lake la kwanza lilikaribia kumfungia mlango wa pili. Alilaza Plains, akanuna.

Ungependa kuona mpangilio huo ukibanwa zaidi, ongeza Trinisphere mezani. Hii ni ya mwaka 2004, na ikiwa imesimama inasema uchawi wowote ambao ungegharimu chini ya mana tatu unagharimu tatu. Inatazama mwisho kabisa, baada ya nyongeza na punguzo. Force of Will chini ya Thalia na Trinisphere pamoja: sifuri, Thalia anaifanya moja, Trinisphere anaona moja ni chini ya tatu, anaiinua kuwa tatu. Si nne. Uhai na kadi ya buluu viko palepale. Natural Order yangu yenye tano asingeigusa.

Kosa la tatu, langu

Natural Order ikazimwa. Mkono wangu, bila kuniuliza, ukaenda kaburini na kumrudisha Elf uwanjani.

Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilifikiri kama mteja: bidhaa haikufika, nirudishiwe changu. Mwenzangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu zamu ianze. "Maji yakimwagika hayazoleki, kaka." Uchawi uliozimwa ni uchawi uliokwisha chezwa. Gharama yake imelipwa na inabaki imelipwa: mana imekwenda, Elf amekwenda, Natural Order nayo inamfuata kaburini. Ile methali ilikuwa sahihi kikanuni kuliko mimi.

Tofauti na ule upanga iko wapi, mbona wake ulirudishwa? Wake haukuwahi kuchezwa kihalali, hatua ya kulenga haikuwa na wa kulengwa, kwa hiyo mchezo ulirudi nyuma kama haujatokea. Natural Order ilichezwa vizuri, ikakutana na mzito kuliko yenyewe.

Ndiyo maana wanaopima thamani ya kadi huziogopa zenye kafara ndani ya gharama. Nilipoteza kadi mbili, Natural Order na Elf. Force of Will nayo ilimgharimu mbili na uhai 1, kwa hiyo tulitoka sare kwa hesabu ya kadi. Angekuwa na kizimio cha kawaida cha kadi moja, ningekuwa nimelipa mbili kwa moja yake. Naona hatari hiyo ni bei halali ya upande wa pili: kwa sababu kafara iko kwenye gharama, hakuna upanga utakaonikwamisha katikati. Silaha yake ikawa moja tu, kuzima, na kuzima akiwa gizani. Natural Order haina mlengwa. Kiumbe ninayemleta namchagua wakati wa kutafuta, uchawi ukiwa umeshatoka kwenye rundo. Alipoamua kutumia Force of Will hakujua kama nakwenda kwa Progenitus au kwa kitu cha kawaida.

Alipaswa kufanya nini?

Tulilijadili hili tukiteremka ngazi, na sikubaliani naye hadi leo. Yeye anasema hakuwa na jinsi. Mimi nasema alikuwa nayo, kabla.

Natural Order ni ya zamu yako tu, hatua kuu, rundo likiwa tupu. Hatua kuu ikishaanza, mwenye zamu ndiye anayepewa nafasi ya kwanza, na anaweza kuitangaza papo hapo bila adui kupata kauli. Mlango wa mwisho wa mwenzangu ulikuwa hatua ya kuchota, pale ninapokuwa nimechota kadi na bado sijaingia hatua kuu. Pale angelaza ardhi mbili, akampiga Elf upanga. Mimi ningepata uhai 1, maana Swords humpa mwenye kiumbe uhai sawa na nguvu zake, na ningebaki na Misitu minne. Hata ningechota Elf mwingine na kumcheza kwa mana moja, ningebaki na mana tatu mbele ya tano. Zamu yangu ingekufa kwa kadi yake moja, na Force of Will ingemngoja mkononi pamoja na kadi yake ya buluu.

Anajibu: nitajuaje una Natural Order? Hujui. Lakini wewe ndiye uliyeweka Thalia, wewe ndiye uliyepanga kwamba Natural Order ni tano. Mwenye kuweka ushuru huhesabu nani amefikisha. Siku adui wa kijani anaposimama na mana tano na kiumbe wa kijani mmoja tu, hiyo ndiyo siku ya kumgusa yule mmoja. Angekuwa na viumbe watatu nisingesema hivi, upanga mmoja haufuti watatu.

Gharama na thamani si kitu kimoja

Kwenye ngazi hizo likazuka swali lingine: kama Natural Order ilinigharimu tano, je, sasa ni kadi ya tano? Hapana. Thamani ya mana ya kadi inasomwa kwenye kona yake na haitikiswi na vya ziada. Natural Order ni ya nne, umelipa tano au hukulipa kitu. Ni kama makato ya simu: ukilipia kitu cha shilingi elfu kumi na mtandao ukakukata, makato ni juu yako, kitu kinabaki cha elfu kumi.

Inauma pale ambapo kadi nyingine inatazama thamani hiyo. Burst Lightning ya mwaka 2009 ni radi ya mana moja nyekundu inayopiga 2. Ina gharama ya ziada ya hiari ya mana nne, utaratibu uitwao kicker ulioingia mwaka 2000 na toleo la Invasion, na ukiilipa radi inapiga 4. Umelipa tano. Adui mwenye Chalice of the Void iliyowekwa alama moja, inayozima kila uchawi wenye thamani ya moja, anakutazama tu: radi yako bado ni ya moja. Mana tano zimekwenda.

Kufungwa kwa jumla nako kuna ukali wake. Tuseme Thalia ni wako, nawe unacheza Fling, kadi nyekundu ya bei ya mbili inayotaka kafara ya kiumbe kisha inapiga madhara sawa na nguvu zake. Unaamua kumtoa kafara Thalia mwenyewe. Unaweza kudhani ukimchinja ushuru wake unaondoka. Hauondoki. Jumla ilihesabiwa akiwa bado amesimama, ikafungwa kuwa tatu, na kifo chake hakifungui daftari. Unalipa tatu, Thalia anarushwa, anapiga 2.

Na kadi inayokuambia ucheze uchawi bila kulipa bei ya kona inasamehe bei ya kona, basi. Bloodbraid Elf, kiumbe ambaye ukimcheza anakufunulia uchawi kutoka kwenye fungu uucheze hivyo, akikufunulia Fling, bado unadaiwa kafara, na mana ya Thalia kama yupo. Bloodbraid mwenyewe huwezi kumtoa, yuko bado kwenye rundo anasubiri zamu yake, hajafika uwanjani. Kama huna kiumbe mwingine, Fling huichezi. Hii ilinikuta mwezi mmoja baadaye, na nilikaa nimeishika ile Fling kama mtu aliyepewa tiketi ya basi lililokwisha ondoka.

Mchezo wa pili

Ule wa kwanza nilishindwa, kwa sababu nisizozitaja hapa zisizohusu gharama. Tukachanganya mafungu. Zamu ya tano mambo yakawa karibu yaleyale: Thalia kwake, Misitu minne na Elf kwangu, ardhi zake mbili zimesimama. Nikachota. Kabla sijaigeuza kadi niione, akainua kidole.

"Hatua ya kuchota, kaka." Akalaza ardhi mbili. "Upanga kwa Elf."

Nikaandika uhai 1 zaidi. Mkononi nilikuwa na Misitu miwili, na ile niliyoichota ilikuwa wa tatu.